Mfuko wa asilimia 16 na mfuko wa asilimia 12: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

Swali:

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 41. Nimeuza kiwanja na nina shilingi milioni 6 ninazotaka zimsomeshe mwanangu chuo kikuu. Sasa yuko kidato cha nne. Pia naweza kutenga 150,000 kila mwezi kwa ajili ya kustaafu. Nimeletewa taarifa za mifuko miwili ya uwekezaji wa pamoja, yote inajiita ya hisa. Wa kwanza kwa miaka mitano umepata hivi: faida asilimia 58, hasara 22, faida 35, hasara 18, faida 29. Wastani 16.4. Wa pili: faida 15, 6, 18, 4 na 17. Wastani 12. Chini ya jedwali pameandikwa mchepuko sanifu 35 na 6.5, beta 1.4 na 0.15, alfa 1.0 na 4.1, uwiano wa Sharpe 0.27 na 0.77, R mraba 85 na 30. Aliyeniletea anasema wa kwanza ndio bora kwa kuwa wastani wake ni mkubwa. Naomba unieleweshe maneno haya, na uniambie nichague upi.

Jibu:

Mwalimu, asante kwa kuandika kabla ya kutia saini fomu. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Zile milioni 6 za ada zisiingie kabisa kwenye mfuko wa kwanza, na wa pili usiupe hata shilingi moja mpaka ujue ndani yake kuna nini. Hiyo 150,000 ya kila mwezi ni habari nyingine. Ina karibu miaka 20 mbele yake, na pesa yenye muda wa namna hiyo inaweza kustahimili misukosuko ya hisa.

Tuanze na hiyo 16.4, maana ndiyo iliyotumika kukushawishi. Aliyeitafuta alijumlisha 58, 35 na 29, akatoa 22 na 18, akagawa kwa tano. Hesabu hiyo haina kosa. Lakini pesa haikui kwa kujumlisha, inakua kwa kuzidisha, mwaka juu ya mwaka. Chukua kalamu, tuweke milioni moja katika kila mfuko.

Katika mfuko wa kwanza, mwisho wa mwaka wa kwanza una 1,580,000. Mwaka wa pili unapoteza asilimia 22, si ya milioni moja uliyoanza nayo bali ya hiyo 1,580,000, unabaki na 1,232,400. Mwaka wa tatu unapanda hadi 1,663,740, wa nne unashuka hadi 1,364,267, wa tano unamaliza na 1,759,904. Sasa mfuko wa pili: 1,150,000, kisha 1,219,000, kisha 1,438,420, kisha 1,495,957, na mwisho 1,750,269. Tofauti ya mifuko hii miwili baada ya miaka mitano ni shilingi 9,635 kwa kila milioni. Hiyo ndiyo maana halisi ya lile pengo la 16.4 na 12 ulilooneshwa. Ukitafuta ukuaji wa mwaka kwa njia sahihi, yaani kiwango kimoja ambacho kingeifikisha milioni yako pale ilipofika, wa kwanza unatoa 12.0 na wa pili 11.8. Ukiona taarifa yoyote ya mfuko, uliza kama faida ya mwaka iliyoandikwa ni wastani wa kujumlisha au ni ukuaji uliolimbikizwa. Kadiri mfuko unavyopanda na kushuka kwa fujo, ndivyo wastani wa kujumlisha unavyozidi kuupamba.

Chanzo cha tofauti kati ya wastani wa kujumlisha na ukuaji halisi ni jambo ambalo wanafunzi wako wa hesabu wanalijua: hasara hairudishwi na faida ya asilimia ile ile. Ukipoteza 20 unahitaji 25 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza 50 unahitaji 100.

Na haya si mambo ya kwenye karatasi tu. Tazama hisa ya benki ya CRDB hapa kwetu. Mwaka 2009 iliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki iliuza hisa stahiki, yaani hisa mpya zinazotolewa kwanza kwa wanahisa waliopo, kwa shilingi 350 kila moja. Kufikia mwaka 2019 bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ilikuwa imeanguka chini ya ile 150 ya miaka kumi nyuma. Hata tukihesabu kwa 140 tu, aliyenunua kwa 350 alikuwa amepoteza asilimia 60 ya mtaji wake kwenye karatasi, na alihitaji bei ipande asilimia 150 ili arudishe chake. Ilimbidi angoje hadi 2022. Aliyengoja alilipwa: mwishoni mwa 2024 bei ilikuwa imepita 600, na njiani alipokea gawio. Lakini fikiria mzazi aliyenunua 2015 kwa nia ya kulipa ada 2019. Kwake kupanda kwa 2022 hakuna maana yoyote, kwa sababu alishauza kwa hasara ili mtoto aingie chuoni. Hisa ni ile ile na kampuni ni ile ile. Aliyeumia na aliyefaidi wanatofautiana kwa tarehe waliyoihitaji pesa. Katika mambo yote nitakayokuandikia, hili ndilo ninalotaka ulishike zaidi: hatari ya mfuko wa hisa huwezi kuijua bila kuweka tarehe yako pembeni yake.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachokuomba ukitafute hakimo hata kwenye orodha uliyonitumia. Ni anguko kubwa kuliko yote: kutoka kilele hadi shimoni, thamani ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko unayonunua, iliporomoka asilimia ngapi, na ilichukua miezi mingapi kurudi kwenye kilele. Kwa takwimu zako za mwisho wa mwaka, mfuko wa kwanza umeanguka 22, ukarudi, ukaanguka tena 18. Ila mwisho wa mwaka huficha mengi. Mfuko unaweza kuwa umeanguka 40 mwezi Juni na kurudi nusu kufikia Desemba, na wewe ukaona 22 tu. Omba thamani ya kipande ya mwisho wa kila mwezi. Ni haki yako, na mameneja wengi huitangaza hata kila siku.

Sasa maneno yaliyo kwenye jedwali. Mchepuko sanifu unapima jinsi faida ya kila mwaka inavyotawanyika kuuzunguka wastani. Unachukua umbali wa kila mwaka kutoka kwenye wastani, unaupiga mraba, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya miaka ukiondoa mmoja, kisha unatafuta kipeo cha pili. Nimeirudia hesabu ya mifuko yako na 35 na 6.5 ni sahihi. Tafsiri ya kawaida ni kwamba takriban theluthi mbili ya miaka itaangukia kati ya wastani ukiondoa mchepuko na wastani ukijumlisha mchepuko. Kwa mfuko wa kwanza hiyo ni kati ya hasara ya 18.6 na faida ya 51.4. Theluthi inayobaki iko nje ya hapo, juu au chini. Ukilisoma hivyo utaona kwamba ile hasara ya 22 haikuwa ajali. Ilikuwa ndani ya tabia ya mfuko, na itarudi.

Udhaifu wa kipimo hiki ni wa aina mbili. Kwanza, kinaadhibu kupanda sawasawa na kushuka. Mwaka wa faida ya 58 umeongeza mchepuko kuliko mwaka wa hasara ya 22. Pili, na hili ni letu hasa, kinadhani bei zinazoandikwa ni bei za kweli. Katika soko dogo kama la Dar es Salaam kuna hisa zinazokaa wiki nzima, wakati mwingine miezi, bila kuuzwa hata moja, na bei inayotumika kuthamini kipande ni ile ya mara ya mwisho zilipobadilishana mikono. Mwaka 2019 na 2020 hisa ya benki ya NMB ilikuwa imeganda kwenye shilingi 2,340, siku nenda siku rudi. Mfuko uliojaza hisa za namna hiyo ungeonekana mtulivu kwenye hesabu, mchepuko mdogo, hakuna mtikisiko. Utulivu huo haukuwa usalama, ni ukosefu wa wanunuzi. Hisa ya Vodacom Tanzania nayo iliuzwa kwa umma kwa shilingi 850 mwaka 2017, ikashuka chini ya bei hiyo na kukaa huko miaka bila kusogea sana. Hisa iliyotulia kwenye hasara nayo ina mchepuko mdogo.

Kwa sababu hiyo ninautilia shaka ule 6.5 wa mfuko wa pili. Mfuko wa hisa wenye mchepuko wa 6.5 katika soko ambalo mfuko mwingine wa hisa una 35 ni jambo linalohitaji maelezo. Ama nusu ya mfuko, pengine zaidi, imewekwa kwenye hatifungani, yaani mikopo ya riba kwa Serikali au kampuni, na amana za benki, na basi huo ni mfuko mseto uliovaa jina la mfuko wa hisa. Ama umejaa hisa zisizouzwa. La kwanza halina ubaya wowote, kwani hata Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya uwekezaji ya Serikali, ulioanza mwaka 2005, ni mseto wa hisa na hatifungani na watu wengi wamefaidika nao. La pili ni hatari iliyofichika.

Beta inathibitisha shaka hiyo. Inapima mfuko unatikisika kiasi gani soko linapotikisika. Beta ya 1 inakwenda sawa na soko. Beta ya 1.4 ya mfuko wa kwanza ina maana kwamba soko likishuka asilimia 10, utarajie mfuko kushuka karibu 14, na likipanda 10 upande karibu 14. Beta ya 0.15 ina maana kwamba mfuko wa pili hausikii habari za soko la hisa ila kwa mbali sana. Mfuko wa hisa ambao hausikii habari za hisa!

Lakini soko lipi? Hapa wengi wanapotea, hata wanaoandika taarifa. Soko la Dar es Salaam lina fahirisi mbili kuu, yaani namba zinazofupisha mwendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja. Moja, DSEI, inahesabu kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya zilizoorodheshwa Nairobi na Dar es Salaam kama KCB, EABL, Jubilee, Nation Media na Kenya Airways. Nyingine, TSI, inahesabu kampuni za ndani tu: TBL, CRDB, NMB, Twiga Cement, TCC na wenzao. Bei ya KCB ikipanda Nairobi, au shilingi ya Kenya ikishuka, DSEI inasogea hata kama Dar es Salaam hakuna aliyenunua wala kuuza. Mfuko unaonunua hisa za ndani pekee ukipimwa kwa DSEI, beta yake na alfa yake ni namba zisizo na kazi. Meneja mjanja anaweza kuchagua fahirisi iliyofanya vibaya mwaka huo na kujitangaza kuwa ameishinda. Uliza: mnajilinganisha na fahirisi gani, na je, ni hiyo hiyo mliyotumia tangu mwanzo? Kama jibu la pili ni hapana, nataka kujua walibadili lini na kwa nini.

R mraba ndiyo inayokuambia kama unapaswa kuiamini beta au la. Inasema ni asilimia ngapi ya mtikisiko wa mfuko inayoelezwa na mtikisiko wa fahirisi. Mfuko wa kwanza una 85: sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwake ni soko lenyewe, kwa hiyo beta yake ina uzito. Mfuko wa pili una 30. Asilimia 70 ya mwendo wake inatoka kwingine kabisa, na hivyo beta yake inaning'inia hewani. Ninapopokea taarifa ya mfuko huwa naanzia kwenye R mraba. Ikiwa chini ya 50 siangalii tena alfa. Narudi kuuliza kilichomo.

Sasa alfa yenyewe. Ni kile meneja alichoongeza juu ya malipo ambayo soko lingekupa kwa hatari ile ile. Taarifa yako imetumia faida ya soko ya asilimia 13 na riba ya dhamana za Serikali za muda mfupi ya asilimia 7. Niligundua hivyo kwa kuirudisha hesabu nyuma. Ziada ya soko juu ya dhamana ni 6. Mfuko wa kwanza ulibeba mara 1.4 ya hatari ya soko, kwa hiyo ulistahili 7 kujumlisha 8.4, yaani 15.4. Umepata 16.4. Alfa ni 1.0. Maana yake, katika zile asilimia 16.4 zilizokuvutia, kazi ya meneja ni moja tu. Zilizobaki ni riba ya kawaida na ujira wa kubeba mtikisiko, ambao ungeupata kwa kununua hisa kubwa za soko na kukaa kimya. Mfuko wa pili ulistahili 7.9 na umepata 12, alfa 4.1. Inapendeza kwa macho, ila imejengwa juu ya beta isiyoaminika, na sehemu yake kubwa inawezekana ni riba ya hatifungani tu. Serikali yetu ilikuwa ikilipa asilimia 15.49 kwa mwaka kwenye hatifungani ya miaka 20, kabla ya riba kupunguzwa mwaka 2022. Mfuko uliojaa hatifungani za namna hiyo ukitoa asilimia 12 na kuziita ustadi wa kuchagua hisa, mimi nauliza asilimia tatu na nusu zimekwenda wapi.

Uwiano wa Sharpe umepewa jina la William Sharpe, mchumi wa Marekani aliyeuandika mwaka 1966 na akapata tuzo ya Nobel mwaka 1990. Unatoa riba ya dhamana kwenye faida ya mfuko, kisha unagawa kwa mchepuko sanifu: kwa kila kipimo kimoja cha mtikisiko ulichovumilia, ulilipwa ziada kiasi gani? Kwa mfuko wa kwanza, 16.4 ukiondoa 7 ni 9.4, gawa kwa 35 unapata 0.27. Wa pili, 5 gawa kwa 6.5 ni 0.77. Kwa kipimo hiki wa pili umeshinda kwa mbali, na kama bei zake ni za kweli, huo ni ushindi halali. Tahadhari ni ile ile: bei zilizoganda zinapunguza mchepuko, na mchepuko ukipungua Sharpe inapanda. Kipimo kinaheshimika duniani kote, lakini kinameza chochote utakacholishia. Na Sharpe ya mfuko wa hisa ilinganishwe na ya mfuko mwingine wa hisa, ya mseto na ya mseto.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye jedwali lolote, nayo ni sisi wenyewe. Rudi kwenye takwimu zako. Mfuko wa kwanza ulipopata 58, bila shaka matangazo yalijaa kila mahali. Aliyeingia mwanzoni mwa mwaka wa pili kwa sababu ya tangazo hilo, na milioni moja yake, mwisho wa mwaka wa nne alikuwa na 863,460. Jirani yake aliyeingia mfuko wa pili siku hiyo hiyo alikuwa na 1,300,832. Marekani kuna mfano maarufu wa jambo hili. Mfuko uitwao CGM Focus uliongoza mifuko ya hisa ya nchi hiyo katika muongo ulioishia 2009, ukikua zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Kampuni ya utafiti ya Morningstar ilipopiga hesabu ya pesa zilivyoingia na kutoka, ikakuta mwekezaji wa kawaida wa mfuko huo huo amepoteza karibu asilimia 11 kwa mwaka. Mwaka 2007 mfuko ulipanda asilimia 80, watu wakamimina mabilioni ya dola, na mwaka uliofuata ukashuka 48. Mfuko ulishinda, wenye vipande wakashindwa.

Na usidhani rekodi ndefu ni kinga. Bill Miller, meneja wa mfuko wa Legg Mason Value Trust, aliishinda fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani, S&P 500, miaka 15 mfululizo, 1991 hadi 2005. Mwaka 2008 mfuko wake ulipoteza asilimia 55, wakati fahirisi yenyewe ilipoteza 37. Kama miaka 15 haikutosha kutabiri, mitano yako haitoshi pia. Takwimu za miaka mitano ni namba tano tu. Ukiondoa ile 58, mfuko wa kwanza unabaki na picha tofauti kabisa.

Gharama ndiyo namba pekee inayotabirika, na inashangaza jinsi watu wasivyoiuliza. Ada ya menejimenti inakatwa kila mwaka, upate faida au hasara. Chukua milioni moja kwa miaka 20: ikikua kwa asilimia 12 inafika 9,646,000, ada na gharama zikila asilimia mbili na ukuaji ukawa 10, inafika 6,727,000. Karibu milioni tatu zimekwenda, kwa ajili ya asilimia mbili. Uliza pia kama kuna ada ya kuingia au ya kutoka, na kama faida zilizo kwenye jedwali ni kabla au baada ya ada zote. Alfa ya 1.0 iliyopigwa kabla ya ada ya 2 ni alfa hasi.

Ukwasi, yaani wepesi wa kugeuza vipande kuwa pesa taslimu, nitaupitia haraka. Vipande unaviuza kwa meneja mwenyewe, na waraka wa matarajio, ule unaoeleza masharti ya mfuko, unasema atakulipa ndani ya siku ngapi za kazi. Siku hizo zina maana wakati wa kawaida. Soko likiporomoka na kila mtu akitaka pesa, meneja analazimika kuuza hisa ambazo hazina wanunuzi, na thamani ya kipande inaburutwa chini kwa wote waliobaki. Ndiyo maana nasisitiza ujue hisa tano kubwa za mfuko na asilimia ya kila moja. Katika soko letu, ambapo benki mbili hubeba sehemu kubwa ya mauzo ya kila siku, mfuko unaoonekana una kampuni kumi unaweza kweli kuwa unasimama juu ya mbili.

Tuje kwako. Mwanao yuko kidato cha nne, chuo kikuu ni miaka kama mitatu ijayo, na chuo hakingoji soko. Umeona kwenye takwimu zako mwenyewe kwamba miaka mitatu katika mfuko wa kwanza inaweza kugeuza milioni 6 kuwa milioni 5 na laki moja na themanini. Pesa ya mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo iweke mahali pasipo na hisa: hatifungani ya Serikali ya miaka miwili ukiishikilia mpaka iive, dhamana za muda mfupi za siku 364 unazozirudia, au mfuko wa aina ya ukwasi unaowekeza kwenye amana na dhamana. Riba itakuwa ndogo kuliko 16.4 ya kwenye karatasi. Lakini mfumuko wa bei wetu miaka ya karibuni umekuwa asilimia 3 hadi 4, kwa hiyo riba yoyote inayouzidi inakuza thamani halisi ya ada. Pesa ya mwaka wa tatu, tuseme milioni mbili, unaweza kuiweka kwenye mfuko mseto, mradi uwe unajulikana kuwa mseto.

Ile 150,000 ya kila mwezi ina sura nyingine. Una miaka 19 hadi 60. Ukinunua kila mwezi bila kukosa, kushuka kwa bei kunakusaidia: kipande kikiwa 500 unapata 300, kikishuka hadi 400 unapata 375 kwa pesa ile ile. Hapo mfuko wa kwanza siukatai. Ukikubali moyoni kwamba utauona ukishuka asilimia 20 au 30 zaidi ya mara moja kabla hujastaafu, na kwamba miezi hiyo ndiyo hutakiwi kuacha kununua, weka humo nusu, 75,000. Nusu nyingine iende kwenye hatifungani au mfuko wa hatifungani. Ukifika miaka 54 au 55 uanze kuhamisha vipande vya hisa kidogo kidogo kwenda upande wenye utulivu, usingoje mwaka wa mwisho.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha mifuko yote miwili ina idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na kwamba mali zinatunzwa na taasisi nyingine tofauti na meneja. Kisha nenda ofisini kwao na uombe kwa maandishi: thamani ya kipande ya mwisho wa kila mwezi kwa miaka yote mitano, fahirisi wanayojilinganisha nayo, hisa tano kubwa, sehemu iliyo kwenye hatifungani na amana, na jumla ya gharama za mwaka. Aliyekuletea karatasi akikuambia hayo hayatolewi kwa wateja wadogo, usimpe pesa yako. Ukiyapata, nitumie hasa ya mfuko wa pili. Kwa thamani za kila mwezi na orodha ya hisa zake tutaweza kuona kama ile beta ya 0.15 imetokana na hatifungani au na bei zilizoganda.